Mvuvi wa Miaka 60 na Mama wa Cherehani

Mwezi huu tuongee jambo ambalo watu wananong'onezana kwenye foleni ya maji, lakini kwenye kikao hakuna anayelisema: mjane, au mzee aliyebaki peke yake, anayetaka kupata mwenzi tena.

Kuna filamu moja inayotusaidia kuanza. Inaitwa Gaza mon amour. Ilitoka mwaka 2020, na waliyoitengeneza ni ndugu mapacha, Arab na Tarzan Nasser, waliozaliwa Gaza mwaka 1988. Ndani yake kuna Issa, mvuvi wa miaka 60 ambaye hajaoa. Moyo wake uko kwa Siham, mama anayeshona nguo sokoni na kuishi na binti yake aliyeachana na mume. Issa anaogopa kusema. Anapeleka suruali ikafupishwe, kumbe anatafuta tu sababu ya kusimama mbele ya ile cherehani. Dada yake anamletea wachumba wengine, yeye anawakataa. Halafu usiku mmoja wavu wake unavuta sanamu ya kale ya Apollo, mungu wa Wagiriki. Anaificha nyumbani, polisi wanajua, na taabu zinaanza. Hiyo sanamu haikutungwa bure, sababu mwaka 2013 mvuvi wa Gaza alitoa kweli baharini sanamu ya shaba ya Apollo, na wakubwa wakaichukua.

Sisi wa Mbugangari, tunaowaona wavuvi wa sambaza wakiingia ziwani Kivu jua likizama, tunamwelewa Issa haraka. Yeye bahari yake ina mpaka wa kijeshi, akiupita anaweza kupigwa risasi. Umeme unakatika, kazi ni haba, vijana wanataka kuhama. Na bado mzee anaenda sokoni kwa Siham. Vita iliyoanza Oktoba 2023 imeharibu sehemu kubwa ya Gaza, kwa hiyo leo filamu hii inauma zaidi kuiangalia.

Maisha ya ukimbizi yanamfundisha mtu mzima kungojea tu. Anangojea msaada, anangojea habari za nyumbani, anangojea wajukuu wakue. Watu wanamwona kama mlinzi wa nyumba. Lakini upweke nao ni njaa, na hakuna anayeupimia kilo.

Angalieni pia tunavyohukumu. Tarehe 18 Julai 1998, siku alipotimiza miaka 80, Nelson Mandela alimwoa Graça Machel, mjane wa Samora Machel, rais wa Msumbiji aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1986. Dunia ilipiga makofi. Mwaka 2003, kule Kenya, Wambui Otieno, mama aliyepigania uhuru na mjane wa wakili S. M. Otieno, aliolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe. Mama alikuwa na miaka 67, kijana hajafika 30. Hapo maneno yakawa mengi, hata baadhi ya watoto wake walikataa. Ni kweli tofauti ya umri ilikuwa kubwa. Lakini tuulizane: angekuwa baba wa miaka 67 na binti wa miaka hiyo, kelele zingekuwa zile zile? Mzee mwanaume akipenda, tunasema bado ana nguvu. Mama mzee akipenda, tunauliza kama akili zake ziko sawa.

Watoto, nawaelewa na nyinyi. Mnaona kiti cha marehemu baba kinakaliwa na mtu mwingine. Mnaogopa dosiye ya familia itaharibika, ama kashamba kalikobaki nyumbani kataenda kwa wageni. Hofu hizo si ujinga. Dawa yake ni kuziongea mapema, si kumsusia mama.

Basi, wazazi mnaofikiria hatua hiyo, shikeni haya manne.

Kwanza, waambieni watoto wenyewe, kabla jirani hajawaambia.

Pili, msikae tu pamoja kimya kimya. Rwanda sheria inatambua ndoa moja tu: ya mume mmoja na mke mmoja, iliyofungwa mbele ya serikali. Baraka za kanisa au msikiti ni nzuri, ila peke yake hazimlindi mama siku mwenzake akifa.

Tatu, mali. Wanaooana wanaruhusiwa kuchagua: kuunganisha mali yote, kuunganisha ile tu watakayochuma pamoja, ama kila mtu abaki na yake. Kwa wenye watoto wa ndoa ya kwanza, jambo hili ndilo linalozima ugomvi mwingi. Ulizeni vizuri kabla ya kutia sahihi. Tena mkishaoana, mpeleke habari HCR, majina yenu yaandikwe sawasawa.

Nne, kwa wale ambao mwenzi alipotea vitani na hakuna aliyemwona akifa: kutoonekana si kufa mbele ya sheria. Msalaba Mwekundu wanasaidia kutafuta ndugu waliopotea. Anzeni huko, halafu muulize mwanasheria. Ni njia ndefu na ya machozi, lakini kufunga ndoa ya pili huku ya kwanza iko hai kunaumiza watu wawili kwa mara moja.

Na wewe jirani, ukimwona mzee wa watu amepeleka suruali kwa fundi mara tatu kwa wiki moja, usicheke sana. Msalimie, upite.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.