Salvador Perez Anagonga 36 na Bado Anachuchumaa: Royals Wanalipia Nini Haswa?

Fanya hivi kwanza. Chuchumaa hapo ulipo, kama mtu anatafuta soksi chini ya kitanda, na ukae dakika mbili bila kushika ukuta. Umeskia magoti? Sasa vaa chuma usoni na ngao kifuani, halafu mita 18 mbele yako weka msee anakurushia mpira mgumu kwa spidi ya kilomita 150 kwa saa. Unaudaka, unamrudishia, anarusha tena. Zaidi ya mara mia kila mechi, na msimu uko na mechi 162.

Hiyo ndio job ya kecha kwa besiboli. Salvador Perez wa Kansas City Royals ameifanya tangu Agosti 2011, na Mei mwaka huu anafikisha miaka 36.

Kama besiboli huijui, tulia. Kama ulicheza rounders primary, msingi uko nao. Kuna mrushaji, kuna mpigaji, na kecha ndio yule ako chini nyuma ya mpigaji, refa akiwa amesimama nyuma yake. Wenzake wote wanaangalia upande wake, yeye peke yake ndio anaangalia uwanja mzima. Kwa hivyo anapea mrushaji ishara: rusha huu, peleka pale. Ni kipa, ni kocha msaidizi, na ni gunia la kupigwa, wote ndani ya mtu mmoja.

Sasa, mbona tunamwongelea? Novemba 2025 Royals walimpa mkataba mpya: dola milioni 25 kwa misimu miwili, 2026 na 2027. Kwa pesa yetu hiyo ni kama bilioni 3.2. Kwa kazi yenye inamaliza watu magoti wakiwa 32, swali linajileta lenyewe: wanalipia kitu anafanya saa hii, ama kitu alifanya kitambo?

Mimi naona kuna deni hapo, na tuanzie pale liliingia.

Perez ni wa Valencia, Venezuela. Alilelewa na mathee, mwenye alikuwa anapika lasagna na keki na kuuza. Royals walimsaini 2006 akiwa na miaka 16 kwa dola 65,000. Kwa mtoto wa mtaa hiyo ni pesa ya kubadilisha nyumba, lakini kwa klabu ya Marekani ni chenji. Akapanda pole pole, akaingia ligi kuu 2011, akacheza mechi 39 tu. Februari 2012 wakamwekea karatasi mezani: dola milioni 7 kwa miaka mitano, halafu miaka mitatu ya ziada yenye klabu peke yake ingeamua kama inaitaka.

Wewe ukiwa 21, na mathee ako nyumbani anauza keki, ungekataa? Mimi singekataa. Na cheki vile maisha iko: Machi hiyo hiyo, wiki chache baada ya kusaini, goti la kushoto likaumia, akafanyiwa upasuaji na akakosa karibu nusu ya msimu. Bila ile karatasi angekuwa amelala kitandani akihesabu dari.

Lakini hesabu ya upande ule mwingine ndio noma. Bila huo mkataba angekuwa huru kujiuza sokoni baada ya msimu wa 2017. Badala yake alikuwa amefungwa mpaka 2019. Mwaka wa 2015, Perez akiwa mchezaji bora wa World Series, mshahara wake ulikuwa chini ya dola milioni 2. Royals walipata kecha bora kwa bei ya mtumba, na nadhani hata wao waliona haya, juu 2016 waliuchana wakamwandikia mpya wa dola milioni 52.5. Hakuna mtu aliwalazimisha.

Na hiyo World Series lazima tuisimulie vizuri, juu bila hiyo hutaelewa mbona watu wa Kansas City wanampenda hivyo.

Oktoba 29, 2014. Mechi ya saba, ya mwisho, Royals wako nyumbani dhidi ya San Francisco Giants, wako chini 3-2. Amebaki mtu mmoja kutolewa na mambo yaishe. Alex Gordon ako base ya tatu, mita 27 tu asawazishe. Anayepiga ni Perez, na mguu wake ulikuwa ushagongwa na mpira mapema kwa hiyo mechi. Madison Bumgarner anamrushia mipira ya juu juu, ile hufai kugusa. Perez anazifukuza. Mpira unapaa kando, Pablo Sandoval anaudaka, anaanguka chali kwa furaha. Imeisha. Ukiwa wewe ndio mtu wa mwisho hapo, hiyo video itakufuata mpaka kaburini.

Mwaka uliofuata wakarudi, safari hii na New York Mets. Mechi ya tano, raundi ya tisa, Royals wako nyuma kwa pointi moja. Perez anapiga kampira kalegevu tu upande wa base ya tatu, lakini Eric Hosmer anakimbia kama mtu ameona kanjo, anafika nyumbani, inakuwa 2-2. Raundi ya 12 Perez anaanza kwa kufika base ya kwanza. Kocha anamtoa, juu mbio si kitu yake, na Jarrod Dyson anamkimbilia. Huyo Dyson ndio alifunga pointi ya kuwaweka mbele. Kwa hivyo mpira wa mwisho wa ubingwa ulidakwa na kecha mwingine, Drew Butera, na mchezaji bora wa fainali nzima aliuona akiwa benchi. Hiyo ndio kazi ya kecha. Hata siku yako ikifika unaweza kuwa umekaa.

Baada ya hapo mwili ukaleta bili. 2019 hakucheza hata mechi moja, mshipa wa kiwiko cha kurushia ulichanika. Wengi hapo wanaanza kufikiria biashara. Yeye 2021 akapiga home run 48, yaani mpira unavuka ukuta kabisa, akampita Johnny Bench mwenye alikuwa ameshikilia rekodi ya makecha na 45 tangu 1970. Hiyo rekodi sahi si yake. Cal Raleigh wa Seattle Mariners aliivunja 2025 na akaenda mpaka 60. Lakini mwaka huo huo Perez, akiwa 35, alipiga 30, na akapitisha jumla ya 300. Kwa hivyo usiniambie analipwa pensheni.

Hapa katikati kulikuwa na kiza pia. 2023 walimfanya kapteni, na Royals wakapoteza mechi 106. Mia moja na sita! Alikuwa na kila sababu ya kuomba atolewe. Alikaa, na 2024 wakaingia mtoano mara ya kwanza tangu 2015.

Sasa tufike kwa ile sehemu inafanya huu msimu wa 2026 uwe tofauti: mashine.

Straiki (sio ile ya kuchoma dorm) ni mpira unapita ndani ya kaboksi la kufikirika mbele ya mpigaji. Refa anaamua kwa macho. Kecha mjanja anadaka mpira wa pembeni halafu anauvuta ndani polepole, refa anaingizwa box, inakuwa straiki. Miaka hii klabu zimepima huo wizi kwa kamera, na kuna makecha hawajui kupiga kabisa lakini wana kazi juu ya hizo mikono laini. Perez? Gold Glove tano anazo, mkono wake wa kukamata wezi wa base unaogopwa, lakini kwa hii ya kuiba straiki takwimu zimemweka karibu na mkia miaka mingi.

Kuanzia msimu huu, uamuzi wa refa unaweza kupingwa. Kila timu inaanza na nafasi mbili. Mrushaji, mpigaji au kecha anagusa kofia, kompyuta inaangalia, jibu linatoka. Ukiwa sawa unabaki na nafasi yako. Kocha haruhusiwi kusaidia.

Unaona inaenda wapi? Wizi umeshuka bei, na udhaifu wake mkubwa umeshuka nao. Haujaisha, juu mipira mingi bado ni ya refa. Lakini kitu kipya chenye bei ni jicho, na majaribio ya mwanzo wa 2025 yalionyesha makecha wanapatia kuliko warushaji na wapigaji.

Tatizo ni kwamba jicho la Perez akiwa na rungu mkononi linajulikana: anafukuza kila kitu kama makanga wa Githurai. Akiwa amechuchumaa je, na miaka 15 ya kuangalia hilo kaboksi kutoka chini? Hapo ndio naona hiyo bilioni 3 inajaribiwa.

Na mrithi ashafika. Carter Jensen, kijana wa hapo hapo Kansas City, aliingia Septemba 2025 na akapiga vizuri. Tarajia siku zingine Perez awekwe base ya kwanza, ama apige tu bila kudaka, na huyo dogo achuchumae.

Ukipata mechi yao, usifuate mpira. Refa akikataa straiki, angalia mkono wa Perez, kama unaenda kwa kofia ama unabaki kwa goti.