Tuwaachie Popo Miti Yao

Kila mtaa, kijiji na shehia yenye mti wanamolala popo wala matunda ikubaliane kwamba mti huo haukatwi na popo wake hawapigwi mawe wala risasi. Ninaliomba hili kwa sababu misitu yetu hupandwa usiku, na wapandaji ni hao. Popo hula tunda la mvule, humeza mbegu zake ndogo na kuzidondosha akiwa angani. Watafiti waliowafuatilia Ghana walikadiria kwamba mbegu ndogo huweza kusafiri tumboni mwao hadi kilomita 75. Mbuyu nao hufungua maua yake jioni, na hapa Afrika Mashariki popo ni miongoni mwa wachavushaji wake wakuu. Anayenunua mlango wa mvule au ubuyu wa watoto anafaidi kazi ambayo hakuna idara ya misitu ingeweza kuigharamia.

Mkulima wa maembe atalalamika, na ana haki. Ila popo hufuata tunda lililoiva, ilhali embe la kusafirishwa huchumwa likiwa limekomaa na bado gumu. Yatakayobaki mtini yafunikwe wavu. Hoja ya magonjwa ndiyo nzito. Mkoa wa Kagera umezika watu kwa virusi vya Marburg mwaka 2023 na tena 2025, na virusi hivyo hukaa kwa popo wa mapangoni. Lakini tutazame yaliyotokea Uganda, katika mgodi wa Kitaka. Baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007, popo wa mgodi ule waliangamizwa. Wengine wakarudi, na walipopimwa mwaka 2012 kiwango cha maambukizi kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha awali. Mwaka huohuo ugonjwa ukalipuka katika eneo la jirani. Kuua hakukuwakinga watu. Kinachokinga ni kukaa mbali na mapango yao, kutowashika, kutokula nyama yao wala tunda waliloling'ata.

Wapo watakaosema watu wetu hawatakubali. Wapemba walikubali. Popo wao mkubwa, asiyepatikana kokote kwingine duniani, aliwindwa kwa bunduki na kukatiwa misitu hadi kufikia karibu mwaka 1990 akawa haonekani ila kwa nadra, na kwa kuwa jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, matumaini yalikuwa machache. Wanakijiji wa sehemu kama Kidike wakasimama kulinda miti ya kulala, wageni wakaanza kulipa kuja kuwatazama, na leo popo hao wanahesabiwa kwa maelfu. Basi mkutano ujao wa kijiji au shehia, kabla ya msimu wa maembe, uamue mambo matatu: mti upi unalindwa, nani atausimamia, na nyavu za wakulima zitanunuliwa kwa fedha zipi.