Wanafunzi wa mlimani wafunzwe kupima gunia

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Jiografia katika shule zetu za upili ametarajiwa kulinganisha utalii wa Kenya na ule wa Uswisi. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi chini ya mtaala wa 8-4-4, nami nimesahihisha insha zilizoieleza milima ya Alps kwa ufasaha: theluji yake, hoteli zake na reli zake zinazopanda majabali. Baadhi ya walioziandika ni vijana ambao, wakichungulia dirishani, huuona Mlima Kenya. Si vibaya kumjua jirani wa mbali. Kibaya ni kumjua yeye tu.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo nililolishuhudia Kibirichia, katika kaunti ya Meru, mwezi wa Juni. Huko Uswisi, Juni ni mwanzo wa majira ya joto. Ng'ombe huondolewa mabondeni wakapandishwa malishoni, kengele zikilia shingoni mwao, na hawateremki hadi Septemba. Kibirichia, iliyo kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, karibu sana na Ikweta, haina majira ya namna hiyo. Kwetu, Juni ndipo baridi inapoingia. Mvua ya masika imekwisha kupungua. Alfajiri mlima huonekana wazi, kisha hujifunika mawingu kabla ya saa nne. Wakati huo bodaboda zimekwisha kupita na mitungi ya maziwa, na akina mama, leso zimefungwa juu ya sweta, wako mashambani wakichimbua viazi vilivyopandwa mvua ilipoanza.

Katika shamba moja nilimkuta mama ninayemfahamu, pamoja na mwanawe wa kidato cha tatu aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Vibarua wa dalali walikuwa wakijaza gunia. Lilipojaa hadi mdomoni hawakulishona. Waliliongezea kilemba cha neti, wakaendelea kupanga viazi juu kwa ustadi mkubwa, hata gunia likawa refu kumpita kijana yule. Magunia ya aina hiyo hujulikana kwa jina la "mukorino".

"Mama, hili lina kilo ngapi?" nikauliza.

"Sijui, Mwalimu. Tunahesabu magunia tu. Mizani huwa huko viazi viendako."

Nikamgeukia mwanawe. Naye hakujua. Hata hivyo, nilipomjaribu, alinitajia bila kusita sababu tano za kustawi kwa utalii nchini Uswisi. Niliona haya, kwa kuwa mimi na wenzangu ndio tuliomfunza hivyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Mimea mwaka 2013, na kanuni za viazi zilizotolewa mwaka 2019 zinaagiza kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Aghalabu, lakini, sheria huishia kwenye karatasi iwapo yule inayemlinda haijui. Chukua mfano mwepesi. Tuseme gunia limenunuliwa kwa shilingi 2,500. Likiwa na kilo 50, mkulima amelipwa shilingi 50 kwa kilo. Likiwa limevishwa kilemba na kufikia kilo 125, amelipwa shilingi 20. Jasho ni lile lile, mbolea ni ile ile, bali zaidi ya nusu ya thamani imetoweka mbele ya macho yake. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi.

Wapo watakaosema kwamba mkulima mwenyewe ndiye wa kulaumiwa, kwa nini asikatae? Nao wana sehemu ya ukweli. Lakini viazi havingoji kama mahindi. Asiye na ghala la kuvihifadhi hulazimika kuuza upesi, hasa karo ya muhula wa pili inapodaiwa. Tena, akikataa peke yake, lori husogea hadi kwa jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa ndipo Uswisi ingetufaa kweli, laiti tungeisoma vizuri. Katika bonde la Justistal, mkoani Bern, jibini iliyotengenezwa malishoni hugawiwa wenye ng'ombe kila Septemba, kila mmoja akipata fungu kulingana na maziwa ya ng'ombe wake. Mgawanyo huo hauwezekani pasipo kupima na kuandika. Desturi za malisho ya kiangazi huko Alps ziliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika. Watalii hupiga picha za kengele na maua. Mimi ningependa mwanafunzi wetu avutiwe na daftari la maziwa.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, unasisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda na kwa kuyachunguza mazingira yake. Basi na tuanze na gunia. Shule ya mlimani na inunue au iazime mizani. Wanafunzi wapime viazi, waandike uzito na bei ya kila juma, wachore grafu, kisha wabandike ubao wa matokeo mahali ambapo wazazi wataweza kuusoma. Katika somo la uraia wazisome kanuni za mwaka 2019. Katika Kiswahili wamwandikie barua afisa wa kilimo wa kaunti, wakiuliza kwa heshima kanuni hizo zinatekelezwa vipi sokoni mwao.

Nanyi wanafunzi, msidhani elimu ni mambo ya ng'ambo tu. Kijana atakayerudi nyumbani jioni na kumwambia mamaye, "Gunia letu lilikuwa na kilo kadha, tumelipwa kadha kwa kila kilo," atakuwa amefanya jambo ambalo insha zangu zote za Alps hazikuwahi kulifanya.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Waama walisema kweli. Lakini waliokijaza kibaba hicho walikuwa wakikijua ukubwa wake.