Mama Naye Atembezwe

Wapo mabinti wa Kenya wanaosoma au kufanya kazi Ulaya ambao huwaalika mama zao waende kuwatembelea. Baadaye picha hufika nyumbani: mama na binti mbele ya Colosseum mjini Roma, mama na binti katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mama na binti ndani ya mashua kule Venice. Jirani huzitazama picha hizo, wakatikisa kichwa na kusema, "Amebahatika huyu."

Ni kweli amebahatika. Lakini bahati yenyewe haiko katika ndege wala katika majengo ya Italia. Bahati ni kwamba kwa mara ya kwanza mama huyo amesafiri bila kumtumikia mtu.

Hebu tuzihesabu safari za mama wa Masii. Huenda sokoni kuuza ndengu na mbaazi. Huenda Machakos kumpeleka mgonjwa hospitali. Huenda matangani, huenda harusini, huenda shuleni siku ya wazazi. Kila safari ina mzigo wake na kila safari ni ya mtu mwingine. Kutoka nyumbani kwa ajili ya kutazama tu, hilo halimo katika hesabu. Na huenda ndengu hizo hizo ndizo zilizolipia safari ya binti yake na wanafunzi wenzake hadi Mombasa kuitazama Fort Jesus. Binti amekwenda na kurudi na habari. Mama amezisikia akiwa jikoni.

Iko methali ijulikanayo sana katika Afrika ya Mashariki, kwamba mtoto asiyetembea hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Methali hiyo ni nzuri, lakini tazameni ilivyopanga mambo: mtoto aambiwa atembee, na mama aachwa mekoni. Hakuna aulizaye kama mama naye ameonja chakula cha kwingine.

Yafaa tukumbushane kwamba Mkenya atakaye kuona kazi ya mikono ya Wataliano hana haja ya kuvuka bahari. Fort Jesus yenyewe, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan. Ngome hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Huko Nyeri liko kanisa la kumbukumbu ambamo yamelazwa mabaki ya askari wa Italia mia kadha, na pamoja nao amelala Mtawala wa Aosta, mkuu wao, aliyekufa mjini Nairobi mwaka 1942 akiwa mateka. Na karibu zaidi, kando ya barabara iteremkayo Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, liko kanisa dogo mno la Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliano waliokuwa wakiichimba barabara hiyo.

Mama na binti wakiondoka Masii alfajiri kwa matatu, wapitie Machakos na Nairobi, wanaweza kulifikia kanisa hilo, wakalitazama, wakanywa chai, na wakarudi.

Mbele ya mlango wa kanisa hilo ndipo faida ya safari itakapoonekana. Binti atasoma mwaka ulioandikwa na kusema kwamba hii ni habari ya vita vya pili vya dunia. Lakini mateka hao walitekwa na nani? Walitekwa katika vita vya mwaka 1940 na 1941, huko Somalia na Ethiopia, na miongoni mwa waliowashinda walikuwamo askari wa Keya. Ukambani ilitoa vijana wengi sana katika jeshi hilo. Mama wa umri wa miaka sabini na kitu aweza kuwa ni mtoto wa mmoja wao. Yeye ndiye ajuaye baba yake alirudi na nini, alinyamaza kuhusu nini, na ni nani wa kijijini ambaye hakurudi. Habari hizo hazimo katika jiwe la ukutani. Zimo kifuani mwa mama, na hazitoki jikoni kwa sababu jikoni hakuna cha kuzikumbusha.

Kwa hiyo wasemao kwamba matembezi ni anasa ya wenye fedha wanakosea. Nauli ni fedha, hatubishi, na mwaka wa ukame si mwaka wa kutalii. Lakini fedha hiyo hiyo huchangwa bila maswali mtu akifa. Tunakodi basi zima kumsindikiza mama kaburini, na huyo huyo akiwa hai hakukodiwa hata kiti kimoja apelekwe kuiona bahari. Hiyo si heshima tunayopaswa kujivunia.

Wengine watasema mama mwenyewe hataki, kwamba akialikwa huuliza ng'ombe atakamuliwa na nani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lisitolewe na binti peke yake. Baba yupo na kaka wapo. Ng'ombe hajui aliyemkamua ni mume au mke.

Kwa Kikamba neno la mama ni mwaitu, na la binti ni mwiitu. Herufi moja tu ndiyo iliyowatenganisha. Twawaomba mabinti wa Masii, walioko nyumbani na walioko ng'ambo, wasingoje utajiri wala Italia. Likizo ijayo kila mmoja achague mahali pamoja, amwambie mama avae viatu vizuri, na njiani amwache aseme.