Gitaa la kiwandani lina mafundi

Kuna kauli ambayo wapenzi wa gitaa kavu huitoa bila kusita: gitaa la kiwandani halina fundi. Fundi, wanasema, ni yule mzee wa karakana anayechonga moja moja kwa miezi na kutia sahihi yake. La kiwandani ni kazi ya mashine, na kilichobaki kujua ni jina la kampuni lililoandikwa kichwani. Nimeisikia kwa wauzaji, kwa walimu wa muziki na kwa wapigaji wa kwaya waliokomaa. Ni kauli ya uongo. Tena ubaya wake hauishii kwenye muziki, kwa sababu inafuta kazi ya watu waliokuwepo, waliokuwa na majina, walioshika patasi na kulipwa ujira.

Ushahidi uko ndani ya gitaa lenyewe. Legeza nyuzi, pitisha kioo kidogo kwenye tundu la sauti, mulika kwa tochi ya simu, kisha tazama upande wa chini wa ubao wa uso. Katika magitaa mengi ya nyuzi za chuma utaona pau mbili ndefu zimekatana kama herufi X, na vipau vidogo vimepangwa kandokando. Ubavuni mwa pau hizo mara nyingi hubaki mstari wa penseli wa mtu aliyepima pa kuzigandisha. Kuna gundi iliyovuja ikafutwa, na iliyovuja ikaachwa. Kwenye ncha za pau kuna mikato ya patasi, mingine imetulia, mingine ni ya mtu aliyekuwa akikimbizana na saa. Na kwenye kile kipande cha mti kinachoshikilia shingo utakuta namba iliyogongwa kwa muhuri.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua uko Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, Marekani, kwenye kiwanda cha Gibson cha mtaa wa Parsons. Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanaume, wanawake wa mji ule waliingia kiwandani. Kati ya 1942 na 1945 walitoa maelfu ya magitaa yaliyochorwa utepe wa rangi ya dhahabu kichwani, yakiwemo ya modeli ya J-45, iliyoanza kuuzwa 1942 kwa dola 45. Lakini simulizi rasmi ya kampuni kwa miongo mingi ilikuwa kwamba wakati wa vita utengenezaji wa magitaa ulisimama. Wanawake wale hawakuwamo kabisa. Aliyeifumua simulizi hiyo ni John Thomas, profesa wa sheria, aliyeanzia kwenye picha ya zamani ya wanawake waliojipanga mbele ya kiwanda. Aliwatafuta waliokuwa bado hai, akachambua daftari za kusafirishia mizigo, kisha akayapiga eksirei magitaa yenyewe. Kitabu chake, Kalamazoo Gals, kilitoka 2013.

Eksirei zile ndizo zinazonisisimua hadi leo. Zilionyesha kuwa mbao na pau za miaka ya vita zilisawazishwa kwa uangalifu zaidi, zikawa nyembamba kidogo kuliko za kabla na za baada yake. Kiwanda kilikuwa kilekile na jina lilelile. Ni kweli kwamba vifaa navyo vilibadilika: chuma kilikuwa adimu, na baadhi ya shingo zilitoka bila ule ufito wa chuma unaozikaza. Lakini uhaba wa chuma haulainishi ubao. Ubao ulilainishwa na mwanamke aliyesimama mezani akiwa na msasa, na wapigaji wa leo wanalipa fedha nyingi kuipata sauti aliyoiacha humo. Wahenga walikwisha sema: usione vyaelea, vimeundwa.

Wanaonibishia husema kampuni ikiwa nzuri, jina linatosha. Halitoshi. Martin, kampuni ya Nazareth, Pennsylvania, imekuwa ikigonga namba ndani ya magitaa yake tangu 1898, ilipoanza na 8000, na tangu 1930 ikaongeza na jina la modeli. Mnunuzi husoma D-28 na kuridhika. Lakini mwishoni mwa 1944 kiwanda kiliacha kuzichonga pau za uso kwa mabonde, kwa sababu wapigaji walikuwa wakifunga nyuzi nzito zilizovuta uso hadi ukavimba, na magitaa yakawa yanarudishwa kutengenezwa. Pau zikabaki nene, na sauti ikabadilika. Jina la D-28 halikuguswa. Mtindo wa zamani uliporejeshwa rasmi mwaka 1976, ulipewa modeli yake, HD-28. Kwa hiyo D-28 ya 1943 na ya 1953 kwa jina ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ya sauti yao imo mahali ambapo mnunuzi hachungulii.

Karatasi iliyobandikwa ndani nayo ni shahidi dhaifu. Maelfu ya fidla za bei nafuu kutoka Ujerumani na Bohemia yalibandikwa jina la fundi Stradivari, ambaye hakuyagusa. Kwetu tuna gitaa la Gallotone kutoka Afrika Kusini, lile ambalo wazee wa muziki wa dansi bado huliita galatone. Gallotone Champion, aina hiyohiyo aliyoanzia John Lennon kule Liverpool, lilikuwa na karatasi ndani inayoahidi kwamba halitapasuka. Ahadi ya kampuni tunaijua. Nani aligandisha pau zile, katika nchi iliyokuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, karatasi haisemi.

Sikatai kwamba leo mashine zinazoongozwa na kompyuta huchonga shingo na kukata mbao kwa usahihi ambao mkono hauufikii. Zimeboresha magitaa ya bei nafuu, na mwanafunzi wa leo ana bahati kuliko wa miaka ya sabini. Hata hivyo, katika viwanda vingi bado kuna anayegandisha, anayefuta gundi, anayeweka shingo na kukagua pembe yake. Kumwita huyo mtu mashine kwa sababu anafanya kazi kwa zamu pamoja na wenzake mia ni kumvunjia heshima.

Naomba jambo moja kwa mafundi wetu wanaokarabati magitaa, wa Kariakoo, wa River Road na kokote waliko. Mkifungua gitaa kubandika pau iliyobanduka, msipige msasa ile penseli ya ndani, wala msiifunike kwa rangi ili kazi ionekane safi. Ipigeni picha kwanza, mwonyesheni mwenye gitaa. Kisha andikeni jina lenu na tarehe kando yake, kwa penseli vilevile, kwa sababu nanyi mmelitengeneza.