Kamba ya Fundi

Abiria aketiye kando ya dereva katika matatu itokayo Bungoma kwenda Kitale, akiwa hana gazeti la kumshughulisha, aghalabu huishia kuitazama mikono ya dereva. Nami katika safari moja ya namna hiyo, tangu Webuye hata Kamukuywa, niliona mikono hiyo ikiuvuta usukani upande wa kulia pasi na kupumzika, hata pale barabara iliponyooka katikati ya mashamba ya mahindi, kana kwamba gari lilikuwa na shauku ya kwenda kulala mtaroni. Tulipotua Kiminini nikashuka kuikagua tairi ya mbele ya kushoto: ukingo wake wa nje ulikuwa na kashata zake kamili, ilhali ule wa ndani umelika hata nyuzi zikaanza kuchungulia.

"Mzee, tairi za siku hizi hazina maisha," akaniambia dereva.

Tairi haikuwa na hatia. Fundi mmoja wa kando ya barabara mjini Kitale alinyoosha kamba ubavuni mwa gari, akailinganisha na gurudumu la nyuma, kisha akapima kwa rula kutoka kambani hata kwenye rimu, mbele ya gurudumu na nyuma yake, akakuta tofauti ya milimita 6: gurudumu lilikuwa likitazama nje. Na kwa kuwa sisi twaendesha upande wa kushoto, na lami imeinuliwa katikati ili maji yateremke kandoni, uzito wa gari hulilalia gurudumu la kushoto, nalo huliburuta gari lote liendako lenyewe. Alilegeza nati ya tairodi, ile fimbo ya usukani iligeuzayo gurudumu, akaizungusha kidogo, akapima tena, akapima mara ya tatu.

Imezuka dhana miongoni mwetu kwamba mashine ya kupimia magurudumu, yenye kioo na taa, ndiyo elimu, na kamba ni ushamba. Siiafiki. Mashine ni njema, lakini asiyeijua maana ya tarakimu zinazoonyeshwa kiooni hana alichopima.

Natamani vijana wetu waonyeshwe maana hiyo kwa kigari cha mashindano kiitwacho karti, ambacho Mmarekani Art Ingels alikibuni huko California mwaka 1956: hakina springi wala difu, na magurudumu yake mawili ya nyuma yamekazwa katika ekseli moja, yasiweze kupishana mwendo. Katika uwanja wenye umbo la yai, ambako karti hupinda kushoto tangu mwanzo hata mwisho, fundi hukipotosha kigari kwa makusudi. Nyuma upande wa kulia hutia tairi yenye mzingo mkubwa kuliko ya kushoto. Na atakaye kuijua hikima yake, na abiringishe mezani bilauri iliyopanuka mdomoni, aone jinsi inavyojipinda yenyewe kuelekea kitakoni. Gurudumu la mbele la kulia hulazwa kichwa ndani, kiti husogezwa kushoto, na kila kimoja hupimwa kwa makini, kwani kilichozidi hula tairi na kilichopungua hupoteza mwendo. Kwa hiyo upotofu wa karti una hesabu, na ule wa matatu yetu haukuwa nayo.

Nauliza basi, kwa nini Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kitale na chuo cha ufundi cha Sang'alo kule Bungoma visishindane kila mwaka kwa karti ambazo wanafunzi wenyewe wamezichomelea kwa mabomba na kuzitia injini za pikipiki? Wapo watakaosema huo ni mchezo wa matajiri. Lakini uwanja wa nyasi tunao, chuma kikuukuu tunacho, na kofia ngumu za kichwa hazikosekani madukani. Sharti langu ni moja, kwamba kabla ya injini kuwashwa kila kundi lipime magurudumu yake kwa kamba, mbele ya wapinzani wake, na kuandika vipimo ubaoni. Wa kuendesha watapatikana. Mimi mniachie ncha moja ya kamba niishike.