Nywila isiwe siri ya wawili

Katika saiba za Thika na Ruiru, wapo wanafunzi waombao mkopo wa HELB na walimu wanaojaza fomu za TSC ambao humtajia mhudumu nywila zao, kisha huondoka bila kufunga akaunti. Ajaye nyuma hukuta mlango wazi. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao humwadhibu mdukuzi, haimfungii mlango. Shambulio dhidi ya eCitizen mnamo Julai 2023 lilikuwa mzigo wa serikali, lakini ufa huu ni wetu. Kabla ya kuwafunza vijana kuunda programu, yafaa tuwafunze kuandika nywila kwa mikono yao, kutoihifadhi katika kompyuta ya umma, na kufunga akaunti kabla ya kuinuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.